Uvimbe mgumu kwenye kovu la upasuaji wa uzazi: ukatwe upesi au upimwe kwanza?

MkaziWaIgoma: Wakubwa, shikamooni. Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji mwaka juzi, na sasa pembeni mwa kovu kumeota uvimbe mgumu usiouma sana. Ultrasaundi imeonyesha kwamba uko ndani ya ukuta wa tumbo, na daktari amehisi ni desmoidi. Ndugu zetu wa Sengerema wanashinikiza ukatwe kabla haujasambaa. Je, hii ni saratani, na je, imeletwa na kisu?

Mpasuaji_Ziwa: Marahaba. Desmoidi hutokana na seli zinazotengeneza nyuzi za kuunga kidonda. Hausambai kwenda mapafuni wala kwenye ini, lakini hujipenyeza katika misuli jirani kama magugumaji yanavyojisokota kwenye nyavu, na kwa kuwa mpaka wake hauonekani vizuri, ukikatwa huweza kurudi palepale. Jeraha la upasuaji ni kichocheo kinachojulikana, na ujauzito vilevile. Hata hivyo, asilaumiwe aliyempasua, kwani ugonjwa huu hugunduliwa kwa watu 2 hadi 4 tu katika kila milioni kwa mwaka.

Haraka ya kukata siiungi mkono. Siku hizi wagonjwa wengi huanza kwa kufuatiliwa kwa picha za MRI (mashine ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili), kwa sababu baadhi ya vimbe hizi hutulia au hunywea zenyewe. Kabla ya yote, kipande kitolewe kwa sindano kikapimwe, maana ngiri, uvimbe unaozunguka uzi wa kushonea, au tishu za mji wa mimba zilizojipandikiza kwenye kovu huweza kufanana nao. Je, huuma zaidi wakati wa hedhi?

Maabara_Nyamagana: Naongeza kwamba maabara iulizwe kama inaweza kupima betakatenini, protini ambayo katika desmoidi nyingi hujikusanya ndani ya kiini cha seli. Pia chunguzeni ukoo: wenye hitilafu ya kurithi ya jeni ya APC, ambao huota vinyama vingi kwenye utumbo mpana, hupata desmoidi mara nyingi kuliko watu wengine, hasa baada ya kupasuliwa.

MkaziWaIgoma: Maumivu hayafuati hedhi. Ila baba yetu mdogo alikatwa utumbo mpana akiwa kijana, na hatukuelezwa sababu.

Mpasuaji_Ziwa: Basi habari hiyo iandikwe kwenye barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya Bugando, na mdogo wako aulizie kipimo cha kamera ya utumbo mpana kabla ya mtu yeyote kugusa kovu hilo kwa kisu. Wewe pia ulizia, kwa kuwa baba mdogo ni wenu wote.