MREJESHO: Kuzuia sauti ya tarumbeta kwenye chumba cha kupanga

Wakuu, niliuliza kama trei za mayai zingezuia sauti ya tarumbeta yangu isiwafikie majirani. Asanteni sana mlionikataza. Trei hupunguza mwangwi kidogo humo ndani, ila ni nyepesi mno kuzuia sauti isitoke.

Nilianza na mlango, kama mlivyoshauri. Usiku nikazima taa ya chumbani, nikaona mwanga wa korido unapenya chini na pembeni. Panapopenya mwanga, hewa inapita, na sauti nayo inapita. Nimezungushia mpira kwenye fremu, na chini nimepigilia kipande kizito cha raba kinachogusa sakafu. Dirishani nina kifuniko cha mbao nene chenye sponji kwenye kingo. Nakipachika wakati wa mazoezi tu, maana joto la Dar bila hewa halivumiliki.

Jirani yangu mwenye mtoto mchanga anasema mchana hasumbuki tena. Nimefurahi mno!

Kazi iliyobaki ni dari. Kuta za ndani zimeishia kwenye silingi bodi, hazifiki kwenye bati, kwa hiyo sauti inapanda, inatembea juu kwa juu na kushukia chumba cha pili. Mama mwenye nyumba amekubali fundi aongeze tabaka la jipsamu na kuziba viungo vyote. Jioni bado napiga na kizibo kwenye mdomo wa tarumbeta.

Kuna aliyewahi kuongeza jipsamu juu ya silingi ya zamani? Zile mbao za dari zilihimili uzito, au mlianza kwa kuziongezea nyingine?