Kikundi cha WhatsApp: Wajukuu wa Bibi Mwanaidi

Jumamosi, 12:05

Rashidi: Assalaam alaykum nyote. Mjomba Shabani shikamoo, upo hewani? Nina shida ya bomba.

Mjomba Shabani: Waalaykum salaam. Marahaba. Bomba limeziba Uskoti, fundi unamtafuta Ngamiani, Tanga? 😂 Haya sema.

Rashidi: Si tumekodi lile gari la kulala, lenye jiko na bafu humo humo. Tuko Ullapool. Tangu jana usiku maji ya sinki yanashuka kwa kusuasua. Leo Salma kaosha vyombo, maji yakaibukia bafuni, mtoto yuko ndani anaoga!

Shangazi Zuhura: Yarabi! Maji ya chooni??

Rashidi: Hapana shangazi. Choo kina kasha lake, unalichomoa unakwenda kulimwaga. Haya ni ya sinki na bafu tu, yana tangi lake chini ya gari.

Shangazi Zuhura: Alhamdulillahi. Ila chai yenu sinywi.

Mjomba Shabani: Bafu liko chini kuliko sinki, ndiyo maana yanatokea hapo. Ukifungua koki ya tangi yanatoka?

Rashidi: Niko hapa pa kumwagia sasa hivi. Nimevuta mkono wa koki, yametoka kama mkojo wa mbuzi, yakakata. Na taa ya ndani inaonyesha tangi limejaa.

Mjomba Shabani: Fungua vizibo vyote, vya sinki na bafu, uvute tena. Tangi lisipopata hewa halitoi maji. Dumu la mafuta ukilipindua bila tundu la pili si linagugumia tu?

Halima: Darasa limeanza 😅

Rashidi: Nimefungua. Vilevile.

Mjomba Shabani: Ingia chini uchungulie. Ukivuta mkono, kile kibao cha koki kinafunguka chote au mkono unacheza bure? Breki ya mkono kwanza, na vigingi kwenye tairi. Jeki usiguse.

Rashidi: 📷 Kinafunguka. Ila nyuma yake kuna kitu cheupe kama ugali.

Mjomba Shabani: Mlipika nini?

Salma: Shikamoo mjomba. Pilau 🙈

Mjomba Shabani: Marahaba mwanangu. Na sufuria mkaoshea humo.

Salma: Ilikuwa zamu ya watoto.

Mjomba Shabani: Basi. Wali ukilala majini unavimba, na mafuta ya mbuzi yakipigwa na hiyo baridi yenu yanaganda. Vikikutana ni saruji hiyo.

Idi Muscat: Atie kostiki, dakika kumi kazi kwisha.

Mjomba Shabani: Idi nyamaza. Kostiki inakula mipira ya koki, na mwenzio kalala chini ya gari uso juu. Ikimdondokea jichoni? Na maji yanayotokota pia sitaki, mabomba ya plastiki yanalegea maungio yanaachia.

Idi Muscat: Nimenyamaza.

Mjomba Shabani: 🎤 1:48

Halima: Kwa wasio na bando: anasema usisukume kutoka juu, utazidi kushindilia uchafu kwenye koki. Vaa glavu. Ingiza mpira wa maji kwenye mdomo wa bomba la kutolea, uzungushie kitambaa, fungulia sekunde tatu tu kwa sababu tangi limejaa, kisha chomoa haraka ukae pembeni. PEMBENI, karudia mara mbili. Salma asimame bafuni, maji yakipanda apige kelele. Na mpira usiwe ule mnaojazia maji ya kunywa.

13:20

Rashidi: Mara ya nne limeachia kwa kishindo! Nimelowa mpaka kwapani.

Salma: Alikaa mbele, mjomba. Hakukaa pembeni.

Mjomba Shabani: 😂😂 Wanafunzi wote hivyo hivyo.

Salma: Vimetoka karafuu, kijiti cha mdalasini, na kibanio cha nywele ambacho hakina mwenyewe.

Mjomba Shabani: Hamjamaliza, mafuta bado yameshika kuta. Funga koki, mimina ndoo ya maji moto, moto wa kuoga, na sabuni ya vyombo ya kutosha. Halafu safirini. Kona za njiani zitasugua tangi zenyewe. Mkifika kambi nyingine mwageni hapo pao pa kumwagia, si mtaroni.

Rashidi: Sawa mjomba, Mungu akuweke.

Mjomba Shabani: Na sufuria ifuteni kwa karatasi kabla haijagusa maji. Wekeni kichujio kwenye sinki, hata cha chai. Nauli ya ufundi tutaongea.

Bibi Mwanaidi: 🎤 0:09

Halima: Bibi anauliza, karafuu na mdalasini vimefikaje kwenye tangi? Kwani pilau haikulika?

Salma: 🙈🙈

Shangazi Zuhura: Salma, bibi anasubiri.