Naomba ushauri: gitaa la Granada litahimili hewa ya Tanga?

Wakuu, shikamooni. Nataka kuagiza gitaa la flamenko (muziki wa jadi wa Wahispania) lililotengenezwa kwa mkono Granada, Hispania, kwenye karakana za Cuesta de Gomérez, ule mtaa unaopanda kwenda Alhambra, ngome na kasri la kale. Kuchagua ndiko kunanisumbua. Lile waliitalo blanca, mgongo na mbavu za mbao za saipresi, ni jepesi, mlio mkali unaokatika upesi; flamenko hasa. Negra ni la rozwudi, ukoo mmoja na mpingo wetu, sauti nzito inayodumu, hata klasiki litafaa.

Hofu yangu ni unyevu. Kule kukavu, hapa mbao zitavimba na nyuzi kunyanyuka. Mnaoishi pwani mnayatunzaje? Na ubao wa uso, uwe wa spurusi au wa mwerezi? Bei nitumieni pembeni, mama watoto asione.