Mamangu kanizaa mwenyewe, mbona krosimechi inasema mwili wake utakataa figo yangu?

KifunguaMimba (Malindi)
Asalam aleykum nyote. Mwenye elimu ya mambo ya figo anisaidie manake kichwa kishaniuma. Bimkubwa wetu figo zote mbili zimekufa, presha ilimla polepole bila yeye kujua, sasa ni dialisisi kila wiki na akitoka pale hata kuongea hataki. Tukakaa kifamilia hapa Maweni tukakubaliana tutafute mtu wa kutoa figo. Mimi ndo mkubwa nikajitolea kwanza, damu yangu O na yake O, nikajua kazi imekwisha. Mzee naye ni O akasema ikishindikana kwako basi nitatoa mimi. Tukaenda Mombasa tukatolewa damu, ile ya tishu na ile ya krosimechi. Majibu sasa: mimi mechi ni nusu na krosimechi pozitifu, sifai. Mzee mechi sifuri na yeye pozitifu vilevile. Aliyefaa ni mjomba, ndugu yake mama wa tumbo moja, yuko Matondoni huko Lamu, ati sita kwa sita! Sasa nauliza, mtu alonibeba miezi tisa iweje mwili wake ukatae figo yangu? Na hapa mtaani washaanza maneno, eti damu za mama na mtoto zikikataana basi mtoto si wa... wacha niishie hapo.

MpimaDamu (Kilifi)
Waaleykum salaam. Kazi yangu ni maabara si udaktari, lakini hili naliona sana so nitakuelezea vile navyolijua.

Grupu ya damu ni mlango wa kwanza tu. Nyuma yake kuna jeni zinaitwa HLA, ziko kwenye kromosomu ya 6, ndizo zinaufundisha mwili kujua hiki changu hiki cha mgeni. Na ni jeni zenye aina nyingi kuliko karibu zote alizonazo binadamu, maelfu ya aina, ndo maana kupata mtu baki anayefanana na wewe ni kazi. Kwenye figo wanaangalia hasa tatu, A, B na DR, na kila moja unayo mara mbili, ndo hiyo sita.

Sasa zinavyorithiwa. Chukulia doti ya kanga ila vipande viwili visivyofanana, kimoja alikupa mama kimoja alikupa baba, na kila kipande kinakuja kizima kizima, mara chache sana kukatika katikati. Kwa hiyo wewe na mamako lazima mlingane nusu, hamuwezi kulingana zote isipokuwa kwa bahati tu babako awe na kipande kama cha mamako. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja ndo wanaweza kulingana zote, asilimia 25, na asilimia 50 wanalingana nusu, na 25 iliyobaki hawalingani kabisa ingawa wamelala chumba kimoja utoto wote. Mjomba kaangukia ile 25 ya juu. Halafu uliza, wazee wa mamako walikuwa mtu na binamuye? Huku kwetu ni kawaida, na ikiwa hivyo vipande vinavyofanana vinakuwa vingi zaidi ndani ya ukoo.

Sasa krosimechi. Hii wanachanganya maji ya damu ya mamako na seli zako nyeupe waone kama mamako tayari ana antibodi za kukushambulia. Alizipata wapi? Kwa mimba! Mtoto akiwa tumboni seli zake kidogo zinapita kwenye damu ya mama, na nusu ya HLA za mtoto ni za baba, kwa mwili wa mama hizo ni ngeni, basi anatengeneza antibodi. Si kila mama, lakini kila mimba inaongeza uwezekano, na kinga ina kumbukumbu ndefu. Kuongezewa damu kunafanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mwili wa mamako haukukatai wewe, unakataa ile nusu ya babako uliyobeba. Na mzee kapata pozitifu kwa sababu hiyohiyo. Hao wa mtaani waambie kama antibodi zinazowagusa nyinyi wawili ni zilezile, basi majibu yenu yanaelekea kusema wewe ni mtoto wa babako, kinyume na wanavyodai.

BintiMambrui
Mimi naona mngejaribu habasoda na asali kwanza kabla ya kukatana katana, kuna shangazi yangu alipona.

MpimaDamu (Kilifi)
@BintiMambrui figo iliyofika dialisisi haiamshwi na habasoda dada, na miti shamba mingine inaimaliza ile kidogo iliyobaki. Dua sawa, hilo sipingi.

BabuWaLangoni (Lamu)
Mwanangu pole sana na mama Mungu amfanyie wepesi. Mimi nina figo ya mke wangu, mechi yetu ilikuwa sifuri na mpaka leo kriatinini, ile taka ya damu inayopimwa kujua figo inafanya kazi vipi, iko mahali pake, kwa hiyo sita kwa sita ni neema lakini asiyekuwa nayo asikate tamaa, dawa za sasa zina nguvu. Zamani hazikuwepo, ile figo ya kwanza iliyofanikiwa Boston mwaka 1954 ilikuwa baina ya pacha wa kufanana, Ronald Herrick kampa nduguye Richard, jeni moja kwa hiyo mwili haukuwa na cha kukataa. Sisi wengine ni vidonge mpaka kaburini.

Na hapo kwa vidonge ndipo nilipopata taabu. Nilipewa takrolimasi, kile kidonge cha kuzuia mwili usikatae figo, dozi ya kawaida, nikipimwa damu dawa haionekani ya kutosha, wakaniuliza kwa ukali naruka dozi? Wallahi sijaruka hata moja. Kumbe kuna jeni nyingine, CYP3A5, ukiwa na ile aina inayofanya kazi mwili wako unaivunja hii dawa haraka, na sisi Waafrika wengi tunayo, Wazungu wengi hawana. Watu wa namna hii wanahitaji kuanza na dozi mara moja na nusu hadi mara mbili ya ile ya kawaida. Waambie wampime mama kiwango cha dawa mapema wasisubiri. Na juisi ya balungi asiguse, ile inapandisha dawa kwenye damu ghafla. Ramadhani pia asijiamulie mwenyewe, vidonge vina saa zake, aulize kwanza.

KifunguaMimba (Malindi)
Shukran sana MpimaDamu na shukran mzee wangu, nimemsomea mama akacheka, ndo mara ya kwanza wiki hii. Na kweli bibi na babu walikuwa mtu na binamuye! Lakini kuna jengine. Mjomba amepimwa presha ikakutwa juu, wanampima tena. Na dadangu anayenifuata hajapimwa, tuliona mimi nimekataliwa basi na yeye haina haja?

MpimaDamu (Kilifi)
Haja ipo tena kubwa! Babako ana vipande viwili, wewe ulipewa kimoja, dadako huenda alipewa kile kingine. Kama antibodi za mama ni za kipande chako tu, dadako anaweza kutoka negatifu. Mzee yeye anavyo vyote viwili, hana pa kukwepea. Mpelekeni dadako, na muulize maabara antibodi zinalenga HLA gani hasa na zina nguvu kiasi gani, kuna zile dhaifu daktari anaweza kuamua kuendelea nazo na kuna zile haziguswi.

Mjomba msimlazimishe. Mechi nzuri haifuti presha, mkimtoa figo moja na hiyo nyingine ikaanza kulemewa mtakuwa na wagonjwa wawili. Hata sita kwa sita si sawa na pacha, kuna jeni nje ya HLA. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha Columbia walionyesha kwamba aliyepokea akikosa kipande fulani cha jeni karibu na jeni iitwayo LIMS1 kwa wazazi wote wawili na figo ya mtoaji ikawa nacho, hatari ya kukataliwa inapanda. Na kwa watoaji weusi kuna jeni iitwayo APOL1, aina zake mbili zinazokinga malale ya mbung'o, zimeenea zaidi Afrika Magharibi, lakini anayerithi kwa baba na kwa mama figo zake ziko hatarini, na ukiipandikiza kwa mwingine inaelekea kufa mapema. Hapo jeni inayohesabika ni ya mtoaji. Kwa mwenye presha kama mjomba, na kwa dadako ambaye bado kijana, ni swali la kuuliza kama kipimo kinapatikana.

BabuWaLangoni (Lamu)
Na mama akiwa dialisisi wakitaka kumuongeza damu waulizeni kwanza kama sindano za kuongeza damu haziwezi kutosha, isiwe dadako katoka negatifu halafu chupa moja ya damu ikaharibu. Ikibidi kuokoa maisha basi, hapo hakuna mjadala.

KifunguaMimba (Malindi)
Dadangu yuko Ngomeni, nimempigia, kesho anakuja. Ila anaogopa sindano kuliko kisu, sijui tutamshika na nani.