Hoho zinatoa maji, pilipili inazidi ukali: kosa liko wapi?

Kijiko_Kirefu
Wakuu, naomba mnisahihishe. Rosti ni hii: hoho nne za rangi mchanganyiko, vitunguu maji viwili, na pilipili mbuzi mbili zilizotolewa mbegu zote. Vyote vinaingia kwa pamoja kwenye kikaango chenye mafuta, chumvi juu, mfuniko, dakika 15. Hoho zinalegea na kuogelea kwenye maji, kuna uchungu kwa mbali, maganda yanajikunja kama karatasi ya nailoni, na ukali unakamata koo ingawa mbegu hazimo. Nibadili aina ya pilipili au nibadili mpangilio?

MotoMkali
Mpangilio kwanza. Hoho ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Ukiijaza kikaango, ukaitia chumvi mapema na kuifunika, hapo hukaangi tena, unachemsha. Chumvi inavuta maji nje na mfuniko unarudisha mvuke ndani.

Anza na vitunguu peke yao, moto wa wastani, dakika 5 au 6 mpaka vilainike. Vitoe. Pandisha moto, ongeza mafuta kijiko kimoja, tia hoho za vipande vya upana wa sentimita moja, zisipandane. Kama hazienei, kaanga kwa awamu mbili. Ziache dakika nzima bila kugusa zipate madoa ya kahawia, kisha geuza, dakika 2 zaidi zinatosha. Rudisha vitunguu, tia chumvi, epua. Mfuniko uache kabatini.

Na unapokata, laza hoho upande wa ngozi chini, kisu kiingilie ndani. Ngozi inateleza, ndiyo maana vidole vinakatwa.

Utando_Mweupe
Suala la mbegu limekuponza, mkuu, na si wewe peke yako. Mbegu zenyewe hazitengenezi ukali. Kapsaisini, yaani kemikali inayowasha, inatengenezwa kwenye ule utando mweupe unaozishika, mbegu hupakwa tu kwa kugusana nao. Ukitoa mbegu ukaacha utando, umetupa kisichokuwasha na kubakiza kinachokuwasha. Pasua kwa urefu, kwangua utando wote kwa ncha ya kijiko.

Kuhusu aina: kwa vipimo vya Scoville, yaani vya ukali wa pilipili, hoho ni 0, jalapeno iko 2,500 hadi 8,000, pilipili kichaa ni kama 50,000 hadi 100,000, pilipili mbuzi 100,000 hadi 350,000. Kwa hiyo "pilipili mbili" si kipimo kabisa mpaka useme ni zipi. Hata tunda kwa tunda la mti mmoja hutofautiana, basi onja kipande kidogo kabla ya kutia.

Binafsi nisingeiacha pilipili mbuzi, kwa sababu ina harufu ya tunda ambayo pilipili kichaa haina. Itie nzima na kikonyo chake, bila kuitoboa, mchuzi ukiwa unatokota polepole. Dakika 10 mpaka 15 zinatosha kutoa harufu na ukali kidogo, kisha itoe kabla haijalainika. Ikipasukia humo, hakuna tena cha kuokoa.

Ganda_na_Jivu
Uchungu unatokana na hoho ya kijani. Mara nyingi ni tunda lililochumwa kabla ya kuiva, sukari yake bado ndogo. Kwa rosti weka moja ya kijani kwa tatu nyekundu.

Maganda hayalainiki hata upike saa nzima, kwa hiyo kama yanakukera, yatoe. Choma hoho nzima juu ya moto wazi, geuza mpaka iwe nyeusi kila upande, dakika 8 hadi 12. Iweke kwenye bakuli, funika na sahani dakika 15, mvuke utalegeza ganda. Livue kwa vidole. Usisuuze kwa maji ya bomba! Ladha yote ya moshi inaondoka na maji, na vijidoa vichache vyeusi havina tabu. Hoho ya ukuta mwembamba haifai kwa hili, nyama yake inaungua pamoja na ganda.

Kijiko_Kirefu
Asanteni. Na ukali ukishazidi, sukari inasaidia?

Utando_Mweupe
Inaficha kidogo tu. Kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo kuongeza maji ni kueneza moto. Kinachofanya kazi ni kuongeza wingi: saga hoho mbili nyekundu zilizochomwa, changanya. Au mtindi, ila uutie baada ya kuepua, ukichemka unakatika. Mikono nayo ipake mafuta ya kula kwanza, ndipo sabuni.

Ganda_na_Jivu
Nyongeza moja: hoho zilizochomwa zikibaki, watu hupenda kuzizamisha kwenye mafuta na kuziacha mezani. Usifanye hivyo. Ndani ya mafuta hakuna hewa, na bakteria wa botulizimu, wanaotia chakula sumu inayoweza kuua, wanapenda hapo hapo, bila kubadili harufu wala rangi. Ziweke kwenye friji, ziliwe ndani ya siku 4, au zigandishe.