Tupeane uzoefu: injini yenu iliponea wapi wikiendi ya mbio?

Mwanzisha uzi, Naivasha

Wadau wa rali, hamjambo. Kila Safari Rally ikiisha tunabaki kuwazungumzia walioharibikiwa. Dereva Thierry Neuville mwaka 2021, Jumapili anaongoza, mara shoki ya nyuma inavunjika kwenye steji (kipande cha mbio) ya Loldia na mpinzani wake Sébastien Ogier anabeba kombe. Wazee wetu nao wana 1963, magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza, halafu 1968 wakamaliza 7 tena kati ya 93. Nick Nowicki alishinda miaka yote miwili akiwa na Peugeot 404, na Joginder Singh alikuwa miongoni mwa hao saba mara zote mbili. Heshima kwao.

Leo nataka hadithi za injini zilizokuwa zinaelekea kufa zikapona. Liwe gari la mashindano, gari la sevisi au Probox iliyokuleta kutazama. Semeni mlianza kuona nini, mlisikia nini, mkafanya nini.

Naanza mimi. Huwa nasaidia timu ndogo ya hapa nchini, wenyewe wanajigharamia kila kitu, gari ni Subaru Impreza. Ijumaa walikuwa wametoka steji ya Kedong, na aliyefika Kedong anaijua fesh-fesh: vumbi laini kama unga wa ngano, limejaa kwenye mikondo ya magurudumu mpaka gari linalalia tumbo. Dereva alipoingia sevisi alisema turbo inachelewa kuitika, na kuna mluzi ambao asubuhi haukuwepo. Basi. Sisi vijana tulishaingia uvunguni kukagua shoki, maana ndizo zinazoumia kule. Fundi mkuu, mzee mmoja mtaratibu, alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la chujio la hewa. Akapitisha kidole ndani ya bomba, upande wa baada ya chujio, ambako hewa inatakiwa iwe imeshasafishwa. Kidole kikatoka kimejaa kijivu.

Klampu ya mpira unaounganisha chujio na turbo ilikuwa imelegea, kwa hiyo injini ilikuwa inavuta vumbi pembeni ya chujio. Vumbi lile likifika kwenye silinda linasaga ringi na kuta, likichanganyika na oili linakwenda kula bearing. Tulipangusa bomba lote, tukafunga klampu mpya, tukamwaga oili na kubadilisha filta. Tulitoka tumechelewa dakika mbili, na kila dakika ni adhabu ya sekunde 10. Jumapili gari lilimaliza kwa nguvu zake lenyewe. Ule mluzi ndio uliotuokoa, na dereva aliyejali kuutaja. Wengi hutaja breki na tairi tu, wakidhani sauti ya injini ni kazi ya fundi kuisikia.

Karibuni.

Mama Nakuru

Asante kwa uzi huu. Yangu ni ya mtazamaji.

Tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka Naivasha Jumapili jioni na familia. Mnaijua ile foleni ya kurudi kutoka rali, magari yanasogea hatua kwa hatua, jua la machweo usoni. Mume wangu anaendesha, mimi macho yangu yako kwenye geji ya joto, kwa sababu marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori na alitufundisha hivyo. Mshale ukaanza kupanda. Nikamwambia, "Baba watoto, geji." Akafungua hita ya ndani mpaka mwisho pamoja na feni yake. Watoto wakalalamika joto, lakini hita inachukua maji yaleyale ya moto ya injini na kutoa joto lake ndani ya gari, kwa hiyo mshale ulisimama ukatupa nafasi ya kutoka barabarani.

Tukazima. Kijana wa matatu iliyokuwa nyuma yetu akaja na chupa ya maji mkononi, tayari kufungua kifuniko cha rejeta. Nilimzuia kwa sauti kubwa, namshukuru Mungu alinisikia. Maji yale yako kwenye presha, ukifungua yakiwa moto yanakurukia usoni.

Yule kijana kumbe ni mjuzi. Aliuliza kama feni ya rejeta ilikuwa inazunguka kabla hatujazima. Haikuwa inazunguka. Kwenye foleni hakuna upepo wa mwendo, feni ndiyo kila kitu. Akaangalia fyuzi, nzima. Akachomoa rilei ya feni, ile swichi ndogo ya umeme, akachomoa na ya honi, akalinganisha miguu na namba, zinafanana. Akaweka ya honi mahali pa feni. Tuliposubiri injini ipoe, tukaongeza maji, tukawasha, feni ikazunguka. Tukafika nyumbani bila honi. Alikataa pesa, akakubali mahindi ya kuchoma. Popote ulipo, mwanangu, Mungu akubariki.

Mkuu wa Moro

Wakuu salaam kutoka Morogoro. Huku kwetu adui ni maji.

Mbio za wikiendi, usiku mvua imenyesha, kijito ambacho Jumamosi kilifika kwenye rimu, Jumapili kimefika kwenye boneti. Dereva wetu wa Evo (Mitsubishi Lancer Evolution) aliingia kwa kasi, wimbi likaruka juu, injini ikazima katikati ya maji. Ile hamu ya kupiga stata tena pale pale nadhani mnaijua wote. Hakupiga. Alitulia, akapunga mkono, watu wakalisukuma mpaka kavu.

Wakuu, hapo ndipo injini nyingi huku zinakufa. Silinda imeundwa kubana hewa na petroli. Maji hayabaniki. Pistoni ikipanda ikakuta maji, kinachopinda ni koni-rodi, fimbo inayoshika pistoni, na ikipinda unaweza kuja kuona bloku imetoboka.

Tulichofanya: tulichomoa koili ili cheche isiruke, tukakata petroli, tukatoa plagi zote nne. Evo ina raha hapo, plagi ziko juu, unazifikia umesimama, wenye Subaru, ambao zao ziko ubavuni, watanielewa. Kisha tukapiga stata. Maji yalirukia juu kutoka silinda mbili, watazamaji wakashangilia kabisa. Tukarudia mpaka ikatoka hewa tupu. Dipstiki ikaonyesha oili bado safi, haijawa na rangi ya chai ya maziwa. Chujio la hewa lilikuwa limelowa, tukaweka jingine. Ikawaka kwa moshi mweupe, baadaye ikatulia. Jioni ileile oili ilimwagwa hata kama ilionekana safi.

Kijana wa Spana

Mkuu wa Moro, shikamoo. Kama dereva angekuwa ameshapiga stata mara moja, bado mngetoa plagi?

Mkuu wa Moro

Marahaba. Ndiyo, na tungeizungusha kwanza kwa spana kwenye puli ya kranki, polepole. Ikigoma sehemu moja au ukisikia chuma kinagusa, acha, pakia kwenye lori.

Mzee wa Voi

Wanangu, mimi nilikuwa kijana wa gari la sevisi enzi Safari inapita kwetu Taita wakati wa Pasaka, barabara ni za umma na ng'ombe wana haki yao. Usiku tunangoja gari letu. Tukaona taa zinateremka mlima, lakini hatusikii injini. Kimya. Likatufikia likiserereka tu.

Jiwe lilikuwa limeng'oa bolti ya kumwagia oili chini ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Taa nyekundu ya oili iliwaka wakiwa kileleni, dereva akazima palepale, akaacha mteremko umlete. Ile taa haikwambii oili inapungua, inakwambia presha imeshakwisha. Hatukuwa na bolti ya saizi ile. Mwenzangu alichonga kipande cha mti mgumu kwa panga, akakizungushia mpira wa tyubu, akakigonga mpaka kikakaza, tukakifunga kwa waya. Tukamimina oili, tukawasha, tukasikiliza. Hakuna mgongano wa chuma. Wakaondoka, na kituo kilichofuata wakapata bolti.

Navi wa Eldoret

Shikamoo mzee. Hapo kwa dereva kuzima palepale, nataka kuongeza upande wa kiti cha kushoto, chetu sisi manavigeta, kwa sababu anayeshika saa ni sisi.

Tukiwa barabara ya kuunganisha steji, hosi ya juu ya rejeta ilipasuka. Dereva alitaka tuvute mpaka kituo cha saa, pale muda wetu unapoandikwa, kilikuwa karibu. Nilipiga hesabu: dakika nne za kusimama ni sekunde 40. Gasketi ya hedi, yaani kichwa cha injini, ikiungua ni wikiendi nzima. Nikamwambia simama. Tulikata sehemu iliyochanika, hosi ikabaki na urefu wa kutosha, tukaifunga tena. Maji tuliyamimina kidogo kidogo baada ya kungoja, maana ya baridi ukiyamwaga ghafla kwenye injini inayochemka unaweza kupasua hedi. Hata maji yetu ya kunywa yaliingia humo.

Tulichelewa zaidi ya nilivyohesabu na tukashuka nafasi kadhaa. Baada ya mbio fundi alifungua injini, akaweka rula ya chuma juu ya hedi, akamulika tochi upande wa pili. Haikupita hata nuru. Hedi ileile bado tunaitumia.