Nywele za panja zimeisha, zitaota tena?

Msusi, Kondele: Mteja ana mtoto wa miezi minne. Akichana, nywele zinatoka kichwa kizima, na panja zimebaki wazi tangu afungue rasta. Ni uzazi au msuko? Nimpe mafuta gani?

Daktari wa ngozi, Nakuru: Ni mambo mawili, dada. Chukua unywele kwenye kitana uutazame mwangani. Wenye kijidonge cheupe nchani umetoka mzima. Usio nacho umekatika tu. Nywele za uzazi hutoka na kijidonge, kwa kawaida kuanzia mwezi wa 2 hadi wa 4 baada ya kujifungua, na nyingi hurudi kabla mtoto hajatimiza mwaka. Hazidai mafuta.

Panja ni kuvutwa. Vitundu vya ngozi vikionekana bado, zitaota, kama sentimita 1 kwa mwezi. Ngozi ikishang'aa laini, bila kitundu, ni kovu. Hapo hata chupa kumi hazitasaidia.

Mfamasia, Kakamega: Na minoksidili, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, asiguse akiwa ananyonyesha. Kwa mwanamke asiyenyonyesha wala kuwa mjamzito: mililita 1 ya asilimia 2, asubuhi na jioni, kwenye ngozi kavu ya kichwa. Wiki za kwanza nywele zaweza kuzidi kutoka. Wengi hukata tamaa hapo, ilhali matokeo huchukua miezi 4 hadi 6.

Fundi wa nywele, Kisumu: Akihitaji dawa ya maumivu ndipo alale, msuko umebana. Vipele vikitokea mstari wa mbele, fungua leo, usingoje Jumamosi.